Mshipa mpya wa damu si habari njema kila mara

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi, lakini makala mliyochapa kwenye ukurasa wa afya kuhusu unga wa kolajeni, ile protini ya nyuzi inayoishikilia ngozi, ilikula nusu ukurasa pamoja na picha ya kopo lenyewe, kwa hiyo nami nivumilieni.

Makala ile ilisema kolajeni ndiyo inayojenga mishipa ya damu. Ikasema mtu akila kolajeni mishipa mipya huota mwilini. Ikamalizia kwamba hilo linamfaa mwenye kidonda kisichopona, mwenye kisukari na hata mwenye saratani. Dai la kwanza lina ukweli ndani yake. La pili ni la muuzaji. La tatu linaweza kumfikisha mtu pabaya, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara upande wa patholojia hadi nilipostaafu na kurudi nyumbani Arua. Kazi yetu wagonjwa hawaioni. Daktari hukata kinyama, hukitia kwenye fomalini ya kukihifadhi, kinatufikia ndani ya kichupa chenye karatasi iliyoandikwa kwa haraka. Tunakizamisha kwenye nta hadi kigande, tunakikata kwa mashine vipande vyembamba vya maikromita 4 au 5, tunavielea juu ya maji ya uvuguvugu ili vijinyooshe, halafu tunavidaka kwa kioo na kuvipaka rangi. Ipo rangi iitwayo trikromu ya Masson: misuli hutoka myekundu, viini vya seli vyeusi, kolajeni bluu. Mwanafunzi akiinama kwenye hadubini mara ya kwanza hushangaa wingi wa hiyo bluu. Tabaka la chini la ngozi karibu lote ni bluu. Kila mshipa umezungukwa na bluu. Si ajabu, maana kolajeni ni kati ya robo na theluthi moja ya protini yote tuliyo nayo mwilini, na aina zake zinazojulikana ni 28.

Kosa la makala lilikuwa kuichukulia kolajeni kama mali ghafi tu, kwamba ukileta nyingi mishipa itaongezeka. Mwili haufanyi hivyo. Seli haina macho wala masikio, inagusa. Juu ya uso wake zimesimama protini zinazopenya kutoka nje hadi ndani. Kwa nje zinashika nyuzi za kolajeni na za protini nyingine zinazoizunguka seli, kwa ndani zimefungwa kwenye kiunzi cha seli yenyewe. Ni vipokezi viitwavyo integrini. Waliozipa jina hilo mwaka 1986 ni Richard Hynes na wenzake huko Marekani, na huyo Hynes alizaliwa hapa jirani, Nairobi, mwaka 1944. (Sijui kwa nini watoto wetu shuleni hawaambiwi mambo kama haya.)

Kila integrini ina minyororo miwili, mmoja alfa na mwingine beta. Binadamu ana alfa 18 na beta 8, na zinavyooana hutoa integrini 24 tofauti. Nne kati ya hizo kazi yake ni kushika kolajeni, na mbili zitatuhusu leo: alfa-1 beta-1 na alfa-2 beta-1. Integrini isiyo kazini hukaa imejikunja, imepiga magoti kama mke wa Kiganda anapomwamkia mkwewe, na ikiwa hivyo haikamati kitu kwa nguvu. Ikipata ishara kutoka ndani ya seli inasimama wima na kushika. Ikishashika, habari hupita upande wa pili, kutoka nje kwenda ndani: seli iishi, igawanyike, itembee, au itulie.

Anayedhani haya ni ya vitabuni amuulize mtu aliyewahi kuumwa na kifutu. Ndani ya sumu ya nyoka huyo mna protini iitwayo bitistatini, ambayo huziba integrini ya chembe sahani za damu, zile zinazotakiwa kushikana ili jeraha lifunge. Ni moja tu kati ya silaha zake, lakini yatosha kuonyesha ninachosema. Wataalamu wa dawa walijifunza kwa nyoka: tirofiban, dawa wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo ili damu isigande, ilibuniwa kwa kuiga protini ya aina hiyo kutoka kwa nyoka mwingine, wa jamii ya Echis.

Turudi kwenye mishipa. Seli zilizotandaza upande wa ndani wa mshipa wa mtu mzima ni tulivu mno. Ni nadra kugawanyika. Zimekalia utando mwembamba wa kolajeni ya aina ya 4 pamoja na protini nyingine iitwayo laminini. Utulivu huo huvurugika pale tishu ya jirani inapokosa oksijeni. Na haihitaji umbali mkubwa, kwa sababu oksijeni ikitoka kwenye mshipa haipenyi zaidi ya maikromita 100 hadi 200. Seli zilizo na njaa hutoa protini iitwayo VEGF. Hiyo ikifika kwenye mshipa ulio karibu, seli moja inatangulia mbele, inatoa vimeng'enya, inakata utando wa aina ya 4 uliokuwa chini yake na kutoka nje. Huko inakutana na kitu ambacho ikiwa imetulia ilikuwa haikigusi: kolajeni ya aina ya 1, ile nene, ile bluu yangu.

Hapo ndipo alfa-1 beta-1 na alfa-2 beta-1 zinapoingia. VEGF yenyewe huifanya seli izitoe kwa wingi. Panya waliodungwa kingamwili za kuziba integrini hizo mbili waliota mishipa michache hata VEGF ilipokuwepo ya kutosha. Na maabarani jambo hili huonekana kwa macho: seli za mishipa zilizolala bapa kwenye sahani, ukizifunika kwa jeli ya kolajeni ya aina ya 1, zinaanza ndani ya saa chache kujivuta, kurefuka, kushikana mikia, kujipanga mistari na mwisho kutengeneza vimirija. Mrija ukikamilika mwilini, seli hutandika upya utando wa aina ya 4, seli za kuushikilia mshipa kwa nje zinafika, na utulivu unarudi.

Kama habari ingeishia hapo, mwandishi wenu angekuwa na nusu ya haki. Lakini kolajeni nzima inasema jambo moja, na iliyokatwa inasema jingine. Mwaka 1984 watafiti Erkki Ruoslahti na Michael Pierschbacher walionyesha kwamba seli hushika mfuatano mfupi wa amino asidi tatu tu: arginini, glisini, aspatiki. Waliupata kwenye protini nyingine, fibronektini, lakini umo pia ndani ya kolajeni ya aina ya 1, umefichwa na msokoto wa nyuzi zake tatu. Msokoto ukifunguka, mfuatano unajitokeza na integrini nyingine kabisa, alfa-v beta-3, inaudaka. Kisha mwaka 1997 maabara ya Judah Folkman kule Boston ikatangaza endostatini, ambayo ni kipande cha mwisho cha kolajeni ya aina ya 18, na kazi yake ni kuzuia mishipa isiote. Baadaye kikapatikana kipande cha kolajeni ya aina ya 4, tumstatini, nacho kinashika alfa-v beta-3 ileile na kuzifanya seli za mshipa zisimame. Yaani utando uleule, ukikatwa mahali fulani unaita mishipa, ukikatwa mahali pengine unaifukuza. Sasa lile kopo la unga, mhariri, lingekuwa upande gani?

Nimeyasema yote haya kwa sababu ya shemeji yangu, mjane wa kaka yangu. Ana kisukari cha miaka mingi na kidonda chini ya mguu. Alikuja kwangu na ukurasa wenu ameukunja ndani ya kitenge.

"Shemeji, soma hapa. Wanasema hii inaotesha mishipa, na kliniki waliniambia mguu hauna mishipa."

Nikamuuliza, "Na macho walikwambiaje?"

"Macho walisema kuna vimishipa vimeota nyuma, vinavuja. Nirudi wavichome kwa leza."

Nikamwambia basi arudie polepole hayo aliyosema, kuhusu mguu na kuhusu macho. Akanyamaza, halafu akacheka. Ni mwanamke mwenye akili.

Hilo ndilo jambo ninalotaka wasomaji wenu walishike. Mgonjwa mmoja, damu moja, sukari moja, na bado mguu unalilia mishipa huku jicho likipofushwa na mishipa ya ziada. Kitu cha kuotesha mishipa mwili mzima kingemponya mguu na kumtoa macho. Inayoamua ni hali ya mahali penyewe: oksijeni iliyopo, kolajeni ilivyo, na vipokezi ambavyo seli imevitoa siku hiyo. Tena sukari yenyewe huiharibu kolajeni. Inapokuwa juu kwa muda mrefu hunata kwenye protini, kama inavyonata kwenye himoglobini tunayoipima kliniki kila baada ya miezi mitatu. Tofauti ni kwamba chembe nyekundu huishi takriban siku 120 kisha hufa na sukari yake, ilhali kolajeni ya ngozi hudumu miaka. Mazao ya sukari hiyo hushambulia hasa arginini, mojawapo ya zile amino asidi tatu, na integrini ikija haikuti pa kushika. Kuongeza kolajeni nyingine tumboni hakusafishi ile iliyokwisha kuharibika mguuni.

Kidonda kinachopona mtu anakijua hata bila hadubini. Sehemu yake ya chini huwa nyekundu kama nyama mbichi na imejaa punje ndogondogo, ukiigusa kidogo kwa shashi inatoa damu. Kila punje ni kishada cha kapilari changa, yaani mishipa midogo kabisa, zinazopanda ndani ya kolajeni mpya. Kidonda cha shemeji siku ile kilikuwa cha rangi ya maziwa yaliyochacha, kimya, hakivuji damu. Kilichohitajika ni sukari ishuke, nyama iliyokufa iondolewe, mguu usikanyage, na bandeji zibadilishwe. Bei ya lile kopo ingenunua bandeji za kutosha na nauli ya boda kwenda kliniki.

Dai la saratani ndilo lililonikera kuliko yote, na kuchapishwa kwa wasomaji wa Uganda, nchi iliyouona mapema ugonjwa wa mishipa ya damu iliyokosa breki. Nazungumzia saratani iitwayo sakoma ya Kaposi. Ilijulikana sana hapa hata kabla ya UKIMWI, na Uganda Cancer Institute pale Mulago, iliyofunguliwa mwaka 1967, imehangaika nayo tangu miaka yake ya mwanzo. Slaidi ya Kaposi haisahauliki. Mahali palipotakiwa kuwa na bluu iliyotulia unakuta seli nyembamba ndefu zimesongamana kila upande, na katikati yake nyufa, si mishipa ya kweli bali nyufa tu, zimejaa chembe nyekundu za damu zilizopotea njia. Ndiyo maana madoa yake kwenye ngozi huwa ya zambarau. Virusi vinavyousababisha viligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore, na mwaka 2002 ikaonyeshwa kwamba protini ya nje ya virusi hivyo imebeba ule mfuatano wa arginini, glisini na aspatiki, navyo hushika integrini alfa-3 beta-1 vipate kuingia ndani ya seli. Virusi hivyo vimejifunza kubisha hodi kwa namna ambayo seli imezoea. Mgonjwa wa Kaposi anahitaji dawa za kupunguza makali ya VVU kama anavyo, na wengine tiba ya kemikali. Kumwambia anywe kitu cha kuongeza mishipa ya damu ni maneno ambayo hata muuzaji sokoni angeona haya kuyasema mbele ya daktari.

Na si Kaposi peke yake. Tangu mwaka 1971 Folkman alikuwa akisema kwamba uvimbe wa saratani haukui kupita ukubwa mdogo bila kuvuta mishipa yake wenyewe, na miaka mingi wenzake walimpuuza. Leo kuna dawa inayoitwa bevacizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, ambayo kazi yake yote ni kuikamata VEGF ili mishipa isiote. Mgonjwa anayeitumia haruhusiwi kufanyiwa upasuaji wa kupangwa kabla siku 28 hazijapita tangu dozi ya mwisho, kwa sababu jeraha lake litachelewa kupona. Matumaini yaliyo upande wa saratani ndiyo hatari iliyo upande wa kidonda. Daktari hulijua hilo na hupima. Kopo halijui.

Sidai kwamba wanasayansi wenyewe hawajawahi kuteleza katika njia hii. Mwaka 1994 ilionekana kwamba ukiziba alfa-v beta-3 mishipa ya uvimbe inakufa, watu wakaona dawa imepatikana. Mwaka 2002 wengine wakafuga panya wasio nayo kabisa, wakakuta uvimbe unakua zaidi na mishipa ni mingi zaidi. Dawa ya kuiziba, cilengitide, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ubongo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yakaonyesha haikuwaongezea maisha. Na magazeti nayo yana historia yake: tarehe 3 Mei 1998 New York Times iliweka ukurasa wa mbele habari za endostatini na mwenzake angiostatini zilivyofuta uvimbe kwa panya. Siku iliyofuata hisa za kampuni iliyozitengeneza zikaruka juu, wagonjwa wakajaa kwenye simu za hospitali. Kwa binadamu endostatini haikufanya yale iliyofanya kwa panya. Hilo lilikuwa gazeti kubwa, lenye waandishi wa sayansi wa kuajiriwa, likiripoti utafiti wa kweli. Ninyi mliripoti kopo.

Kuhusu kula: hapa Uganda hatuna haja ya kuuziwa kolajeni, tunainywa kila wiki. Molokoni, supu ya kwato za ng'ombe, ni kolajeni. Kwato zikichemka usiku kucha, msokoto wa zile nyuzi tatu unafunguka na kuwa jelatini, ndiyo maana sufuria ikiachwa mpaka asubuhi supu inatetemeka. Naipenda, na ndimu na pilipili, na sitamwambia mtu aiache. Lakini ikifika tumboni inakatwakatwa kama protini ya maharage inavyokatwa, inakuwa amino asidi na vipande vifupi sana. Hakuna uzi mzima unaopita ukutani mwa utumbo ukaenda kujilaza kando ya mshipa mguuni. Unga wa kopo ni jelatini hiyohiyo iliyokatwa zaidi na kuwekwa ladha ya stroberi. Zipo tafiti ndogo zinazosema ngozi hupata unyevu kidogo, nyingi zikilipiwa na wanaouza. Kuhusu mishipa ya damu ya mwenye kisukari sijaona mlichokitegemea.

Kama mnataka kweli kuwasaidia watu watengeneze kolajeni imara, andikeni kuhusu mapera. Vimeng'enya vinavyoikaza kolajeni ndani ya seli havifanyi kazi bila vitamini C. Mabaharia wa zamani walipoikosa, hata makovu ya zamani yalifunguka tena. Pera lina vitamini hiyo mara kadhaa kuliko chungwa, na Arua msimu wake ukifika watoto huyarushiana njiani.

Ninachoomba ni viwili. Makala iliyoletwa na muuzaji iandikwe TANGAZO juu yake kwa herufi zinazosomeka, si chini kwa herufi ndogo kama sisimizi. Na lile neno la saratani lisahihishwe kwenye ukurasa uleule lilipotokea, kwa sababu walioukata na kuuhifadhi hawasomi ukurasa wa barua. Mwandishi wenu akipita Arua namkaribisha. Ninayo hadubini ya zamani, ya kioo cha kuakisi jua, na slaidi za kufundishia za ngozi ya mbuzi. Aje saa nne asubuhi, jua likiwa zuri, nimwonyeshe hiyo bluu na mishipa iliyomo.

Wako,
Fundi mstaafu wa maabara
Arua, Uganda